Ndimu ya Nyongeza

Harrow,
5 Februari 2024

Ndugu Kibet,

Leo ni tarehe tano Februari, nami natimiza mwaka wa arobaini na sita tangu niondoke Songea. Niliaga kwamba nakwenda kusoma kwa miaka miwili. Wewe hucheka kila nikisema mwakani narudi, lakini safari hii nimekwisha kuulizia tiketi, kwa hiyo cheka polepole.

Nakuandikia kwa kuwa masikio yako yamekataa simu, na kwa kuwa kuna jambo la dukani ambalo siwezi kulisema kwa sauti mbele za watu. Bila shaka umeona kwamba kaunta zimeng'olewa. Imebaki moja, ile ya sigara. Pale alipokuwa akikaa Ushma wamepanga mashine za kujihudumia, kila moja na skrini ndogo juu inayokuonyesha uso wako mwenyewe unavyopitisha mchicha. Sijui waliofikiria hilo walidhani tutajipenda au tutajiogopa.

Unajua kwamba miaka yote hii nimepanga foleni kwa Ushma hata kaunta za jirani zikiwa tupu. Baba yake alikuwa na duka Songea. Nilinunua madaftari pale nikiwa mwanafunzi, na yeye alikuwa mtoto mdogo anayekalishwa juu ya gunia la mchele. Yule mzee hakufunga kifurushi cha mtu bila kuzidisha kitu: konzi ya njugu, kipande cha sukari guru. Nyongeza. Binti yake akaja nayo hadi Harrow. Nikishalipa, huchukua ndimu moja kwenye bakuli lake, akaitia mfukoni mwangu na kusema, "Nyongeza yako, kaka." Jioni, kabla hajatoka kazini, huilipia mwenyewe. Hilo aliniambia siku moja nilipotaka kukataa.

Hata sasa hunipa, lakini kwa shida. Siku hizi husimama katikati ya mashine, na huenda tu penye taa nyekundu, yaani penye mtu aliyekosea. Taa yangu mimi haiwaki. Napitisha kila kitu mara moja, nachagua kitunguu palipoandikwa kitunguu, nachukua risiti, geti linafunguka. Jumanne nilimaliza bila kosa hata moja, na Ushma alinipungia mkono kutoka mbali. Alikuwa kwenye mashine yako. Alikaa kwako muda mrefu, akicheka. Nikaona chupa ya mvinyo kwenye kikapu chako.

Kibet, wewe ni mzee wa kanisa. Mvinyo huo ni wa nani?

Wako,
Thadei


Stanmore,
12 Februari 2024

Mwalimu Thadei,

Nimesoma barua yako mara mbili. Ya pili nimecheka mpaka Gakii, bibi ya kijana wangu, amekuja mbio kuona kama nimeanguka.

Wewe umesoma vitabu vingi lakini mashine hujaisoma. Ile kitu haikubali pombe mpaka mtu wa duka aje aangalie kama mnunuzi ni mtu mzima. Kwa hivyo mimi nachukua chupa moja, taa inawaka, na Ushma anakuja kuthibitisha kwamba mimi, niliye na wajukuu sita, nimefikisha miaka kumi na minane. Ananiangalia kutoka kofia mpaka viatu. Anasema, "Huyu kijana nina wasiwasi naye. Mama yako anajua uko hapa?" Namwambia mama amenituma. Basi hapo tumeanza, na foleni inanuna nyuma yetu.

Mvinyo nampa jirani. Anafikiri mimi ni mtu mwema sana. Lakini usiwe na hofu juu ya roho yangu, nimegundua hata bia isiyo na kileo inawasha taa. Wewe endelea kuchagua kitunguu palipoandikwa kitunguu. Mbinguni utapata foleni yako peke yako.

Sasa hiyo mambo ya ndimu. Ulidhani ni yako pekee? Mimi hapa niko na ndimu nne kwenye dirisha la jikoni. Gakii ameuliza kama tunafungua duka. Na wiki iliyopita Ushma ameniita kaka.

Unampenda huyu mama, ama ni mimi nimesoma vibaya?

Rafiki yako,
Kibet


Harrow,
16 Februari 2024

Ndugu Kibet,

Sikujua kwamba Kericho nayo imehamia Songea. Kaka ni neno la watu waliotoka mahali pamoja. Duka la baba yake lilikuwa kwetu, si kwenu. Wewe ulimfahamu Ushma kwa sababu mimi nilikuleta kwenye foleni yake, siku ile ya mvua, ulipokuwa unatafuta mahindi mabichi. Nakukumbusha tu.

Kuhusu kumpenda, mimi ni mjane mwenye miaka sabini na minne na magoti mabovu. Swali lako ni la mtu aliyezoea kuongea na vijana.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko mzaha wako. Zamani alikuwapo mtu wa kutupokea na kututazama. Sasa tumeachiwa. Mtu anaweza kupima embe na kuiambia mashine ni karoti, na wapo wanaofanya hivyo, nimewaona, watu wenye makoti mazuri kuliko yangu. Ndiyo maana sisi tunaobaki waaminifu hatuna budi kuwa waaminifu kabisa. Ndimu isiyopitishwa, kwa muda ule kabla Ushma hajailipia, ni ndimu gani? Na wewe unayetoka nayo getini, machoni pa duka ni nani?

Nakushauri uikatae. Mimi nitaikataa yangu.

Thadei


Stanmore,
23 Februari 2024

Mwalimu,

Utaikataa? Jana nilikuwa pale kwenye maziwa. Nimekuona ukiipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea ushirika mtakatifu.

Kibet


Stanmore,
9 Machi 2024

Thadei ndugu yangu,

Leo siandiki mzaha.

Jana Ijumaa nilimaliza kulipa, nikaweka risiti kwenye geti, geti likafunguka. Ushma alikuwa ameniwekea ndimu juu ya mkate kama kawaida. Nilikuwa nimepiga hatua kidogo tu wakati yule mlinzi kijana alinishika hapa kwenye kiwiko. Sikusikia alichosema kwa sababu sikuwa nimevaa vifaa vya masikio. Kwa hivyo yeye akapandisha sauti, na watu wote wakasikia kabla yangu mimi.

Akamwaga mfuko wangu juu ya meza, kitu kimoja kimoja, na risiti mkononi. Mkate, sawa. Maziwa, sawa. Bia yangu isiyo na kileo, sawa. Dawa ya mba, sawa, na kila mtu sasa anajua niko na mba. Halafu ndimu. Akaishika juu. Mwalimu, mimi nimefanya kazi ya uuguzi katika nchi hii miaka thelathini. Nimeosha baba zao na mama zao. Nilisimama pale nikiangalia ndimu.

Ushma alikuja mbio. Akasema, "Ni mimi nimempa. Nitailipia, kila siku nalipia." Alisema ukweli wote palepale. Ni hiyo iliyomchoma. Meneja alimwita juu, na mimi nikaambiwa nisikanyage pale tena. Wamepiga picha yangu.

Sasa nakuomba kitu. Nenda uone meneja. Mwambie hii ni desturi yetu, nyongeza, si wizi, na wewe pia umekuwa ukipokea. Wewe unajua kuongea Kiingereza chao cha barua. Wakisikia kutoka kwa mtu wa pili, mtu ambaye mashine haijawahi kumlalamikia, wataamini. Mimi picha yangu si kitu, nitanunua maziwa kwingine. Lakini Ushma atafutwa kazi.

Nenda kesho kama unaweza.

Kibet


Harrow,
13 Machi 2024

Ndugu Kibet,

Pole sana. Barua yako imenisikitisha.

Ijumaa hiyo sikutoka nyumbani. Nina mafua yaliyoshuka kifuani, na daktari ameniambia nisikae kwenye baridi, kwa hiyo sijui lini nitaweza kwenda huko. Isitoshe, nimefikiri, na sioni neno langu litasaidia nini. Nikisema nami nilipokea, watakuwa na watu wawili badala ya mmoja. Sheria ya duka ni ya duka, hata tukiiona ya kijinga. Nadhani niliwahi kukuandikia hivyo.

Ushma ni mtu mzima na anajua kujitetea. Mambo haya hupoa.

Jipe moyo.

Thadei


Southall,
2 Aprili 2024

Kaka Thadei,

Shikamoo. Kiswahili changu cha kuandika si kizuri, nilitoka Songea na miaka kumi na moja, utanisamehe.

Nimeacha kazi. Hawakunifukuza. Walitaka nitie sahihi kwamba nilimsaidia mteja kuiba, na kwamba sitarudia. Nikasema kurudia nisirudie, sawa, lakini hilo neno la kwanza siandiki. Basi nikavua fulana yao, nikaikunja, nikaiacha mezani. Sasa niko kwa binamu yangu huku Southall, dukani kwake. Napima kwa mkono wangu. Miguu inauma kidogo kuliko kule.

Meneja aliniambia nani alisema. Hakujua jina. Alisema mteja mzee mwenye kofia ya manyoya ya kahawia, ambaye hakosei kamwe, alimgusa mlinzi bega akasema, "Angalia ndimu." Kofia hiyo nakumbuka nilikusifia.

Kaka, nimekaa na hilo wiki tatu. Ungesema ameiba mkate ningeelewa, labda ulikosea kuona. Lakini wewe ulijua ndimu ni nini. Ya kwako ilikuwa mfukoni mwako, kwa sababu nilikuwa nimekupa dakika chache kabla.

Nimejiuliza kama nilikukosea. Labda ulidhani natoa kwa sababu ya Songea. Songea siikumbuki vizuri. Sikumbuki sura ya barabara. Nakumbuka mkono wa baba ukizidisha, na uso wa mtu anayeongezewa, basi. Nilimpa kila aliyenisalimia kwa Kiswahili: yule mama Bijou wa Kongo, yule kijana wa Mombasa wa baiskeli, wewe, Mzee Kibet. Wengine hata hawakunisalimia, walikuwa wamechoka tu.

Mzee Kibet sijamwambia ni wewe, wala sitamwambia. Marafiki wake ni wachache, sitaki kumpunguzia.

Ushma


Stanmore,
22 Aprili 2024

Mwalimu,

Umenyamaza sana. Mimi nimekuwa nikienda Southall, mabasi mawili, lakini sina haraka siku hizi. Ushma yuko huko kwa duka la binamu. Hakuna mashine, hakuna geti, na mimi sinunui tena mvinyo, jirani amekasirika. Twende Jumamosi pamoja. Ushma hajasema neno lolote juu yako. Nikitaja jina lako anapanga nyanya.

Sasa nitakwambia kitu, halafu tuifunge.

Ile skrini ya juu ya mashine haionyeshi uso wa mnunuzi peke yake. Inaonyesha pia aliye nyuma yake. Ile Ijumaa nilikuwa nangojea kadi ikubali, nikainua macho kujiangalia, nikaona kofia yako. Nikaona mkono wako kwa bega la mlinzi, na kidole kikielekea mfuko wangu. Nilifikiri unamwonyesha rafiki yako. Nilitaka kugeuka nikupungie.

Kwa hivyo nilipokuomba uende kwa meneja nilikuwa najua. Sikukuomba kwa sababu nimekosa mtu mwingine. Nilikuwa nakupa mlango. Wewe ukaniandikia mafua.

Ushma sijamwambia. Yeye anakupenda sana, anakuita kaka kwa namna nyingine, si kama anavyoniita mimi. Ndiyo, nilijua tofauti. Nilikuwa nakuchokoza tu. Kama angejua ni wewe angeumia zaidi ya kuachishwa kazi, kwa hivyo hiyo itakufa na mimi.

Nimekasirika, nimeomba, nimepoa. Katika umri wetu rafiki akienda hakuna duka la kununua mwingine.

Desemba nasafiri nyumbani kwa wiki sita. Gakii ananitafutia tiketi. Umekuwa ukisema mwakani tangu nikujue. Panda ndege na mimi mpaka Nairobi, halafu uendelee Songea. Nipe jibu, huyu msichana anataka kubonyeza.

Kibet


Harrow,
13 Mei 2024

Kibet,

Nimeirudia barua yako mara nyingi. Ushma alikuwa amekwisha kuniandikia kabla yako. Anajua. Aliambiwa na meneja, na alikuficha wewe kama wewe ulivyomficha yeye. Mmekuwa mkinitunza kila mtu upande wake, huku mkiuziana nyanya, na sikuyastahili matunzo yenu. Sasa mnaweza kuzungumza.

Nilikwenda kwa meneja. Nilimwambia kwamba nami nilipokea ndimu, muda mrefu kuliko wewe, na kwamba siku ile nilikuwa nayo mfukoni wakati nikikuonyesha kidole. Alinisikiliza akiwa amesimama. Alisema picha yako itaondolewa na kwamba jambo la mfanyakazi yule limekwisha kufungwa. Akanishukuru kwa uaminifu wangu. Niliona kama ananidhihaki, lakini hapana, ndivyo wanavyoongea.

Usiniulize kwa nini nilifanya vile kana kwamba kuna jibu refu. Nilikuwa nimemaliza kulipa. Ushma alikuwa kwako, akikuuliza kama mama yako anajua uko pale. Nilisikia akikuita kaka. Nilijiambia kwamba nafanya wajibu wa raia mwema, na kwa muda wa kuvuka sakafu ile kutoka mashine yangu mpaka kwa mlinzi, niliamini.

Southall nimekwenda. Nilikwenda Alhamisi, si Jumamosi uliyosema. Hata baada ya barua zenu mbili, sikutaka twende pamoja. Nilitaka siku hiyo awe na mteja mmoja tu anayemjua. Kofia niliiacha nyumbani, nikatembea kichwa wazi kwenye manyunyu.

Duka lilijaa. Nilipanga foleni, nikafurahi kupanga. Mbele yangu alikuwa mama wa Kipunjabi na mtoto mgongoni kwenye begi lile la kubebea. Hakusema neno la Kiswahili wala la kitu kingine, alikuwa akiongea na simu. Ushma alimpimia viazi, kisha akashika fungu la giligilani akalitia juu, na mtoto akapewa zabibu mkononi. Kibet, nilimwonea wivu mtoto yule. Mzee mzima nimesimama na kikapu cha bamia nikimwangalia mtoto wa watu anavyokula zabibu, na ndani yangu nasema, huyu naye wa nini.

Zamu yangu ikafika. Ushma aliinua macho. Alisema shikamoo, nikasema marahaba. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima, na yote yalikuwa mazuri. Nilisema, "Kilo moja ya bamia." Akamimina kwenye mizani. Ilizidi kidogo. Akatazama namba, akatoa bamia moja, akairudisha kwenye tenga. Ikawa kilo kamili. Akafunga mfuko, akanirudishia chenji yangu yote, akaniangalia bila ukali wowote.

"Karibu tena, mzee," alisema.

Si kaka. Na kilo ilikuwa kilo. Nilikuwa nimekuhubiria wewe juu ya kipimo cha haki, naye amenipa. Sina la kulalamika, na nimelalamika moyoni njia yote ya kurudi Harrow.

Nenda Jumamosi bila mimi. Najua atakutilia ndimu. Usiniandikie kama imetiwa.

Kuhusu Desemba, mwambie Gakii asibonyeze. Nimefikiri vizuri na sikuandikii kwa hasira. Miaka arobaini na sita nimeitunza Songea kichwani kama foleni ya mtu mmoja. Kila aliyeko huko anasubiri mimi nifike, na kila kinachozidi kimewekwa pembeni kwa ajili yangu. Lakini watu wa kule wamekuwa wakigawana siku zote, na wamefanya vizuri. Ningeshuka kwenye basi nikaanza kuwaangalia mikononi: huyu kapewa nini, yule kaitwa nani. Nimejiona dukani Southall, na najua ni mtu gani ningemshusha pale stendi.

Nisalimie Kericho. Ukirudi, niandikie, kama bado unataka.

Mimi Songea sitarudi.

Thadei